Jinsi giaboksi ya otomatiki inavyokataa kushusha gia ukiwa spidi kubwa, na namna ya kuitumia kwenye mteremko bila woga

Watu wengi wanaoendesha auto wanajua P, R na D basi. Zile 2 na L, za kuibakiza gari kwenye gia za chini, hawajawahi kuzigusa tangu gari itoke bandarini, ukiwauliza kwa nini jibu ni lilelile, "nitaua giaboksi". Mi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo mpaka siku natoka Iringa kwenda Dar na Noah, mjomba amekaa siti ya mbele, tukaanza kushuka mlima Kitonga. Nimeweka D, mguu uko kwenye breki toka juu kabisa. Kufika katikati nasikia harufu ya kuungua, pedeli inaanza kuwa laini, inashuka chini zaidi ya kawaida, na mbele kuna semi imejaa mzigo.

Mjomba ameendesha malori miaka mingi, hakupaniki. Akaniambia taratibu, "Mjomba, weka mbili". Nikamwambia anko itapasuka hii. "Haipasuki, ina akili yake, spidi ikiwa kubwa itakukatalia yenyewe." Nikavuta mkono wa gia kwenye 2, nilikuwa kwenye sabini na kitu hivi, sekunde ya kwanza hakuna kilichotokea, nikakanyaga breki kidogo spidi ikapungua afu nikasikia injini inanguruma na gari inashikwa kama kuna mtu anaivuta kwa nyuma. Tangu siku hiyo nimewauliza mafundi wengi tu, nimesoma vitabu vya gari, na naandika hapa kile ambacho ningependa mtu angeniambia kabla ya ile safari.

Kwanza uelewe giaboksi inakulinda na nini. Injini ina kikomo cha mizunguko, ndio ule mstari mwekundu kwenye saa ya RPM (mizunguko kwa dakika). Ukikanyaga mafuta mpaka ukafika pale, kompyuta inakata petroli na injini haiendi zaidi, kwahiyo watu wanadhani injini haiwezi kuzidi ule mstari kwa namna yoyote. Sio kweli. Ule ulinzi unazuia injini isijizungushe yenyewe, lakini ukishusha gia gari ikiwa inakimbia, anayezungusha injini sio petroli tena, ni matairi. Gari ya tani moja na nusu inayoenda 120 inasukuma kupitia ekseli, giaboksi, mpaka kwenye krenki, ile shafti kuu ya injini, na hapo hata ukizima petroli yote haisaidii kitu.

Jirani yangu lilimkuta hili kwenye gari ya manyuo. Alikuwa gia ya 3 anakimbia, anataka kuingiza 4 ambayo iko moja kwa moja chini, mkono ukaenda chini na kushoto, ikaingia 2, akaachia klachi. Injini ilipiga kelele mara moja tu. Vali zikapinda zikagongana na pistoni, silinda hedi ikafunguliwa, na pesa aliyolipa angeweza kununua injini nyingine iliyotumika. Kinachotokea ni kwamba mizunguko ikizidi sana springi za vali hazina muda wa kurudisha vali juu, vali inakuta pistoni inapanda. Na nguvu inayovuta konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) na bolti zake inaongezeka kwa mraba wa mizunguko, maana yake ukitoka 6,000 kwenda 9,000 haijaongezeka nusu, imezidi mara mbili na robo. Chuma kina kikomo chake.

Sasa auto inazuiaje hilo? Inapiga hesabu, na hesabu yenyewe hata wewe unaweza kuipiga ukiwa umekaa sebuleni. Kila gia ina uwiano wake. Chukua giaboksi ya Toyota inayoitwa U340E, ile ya gia 4 iliyopo kwenye ist, Platz na Probox nyingi: gia ya 1 ni 2.847, ya 2 ni 1.552, ya 3 ni 1.000, ya 4 ni 0.700. Unachukua mizunguko uliyonayo, unazidisha na uwiano wa gia unayotaka, unagawa kwa uwiano wa gia uliyopo. Tuseme uko 100 kwenye gia ya 4 na saa inasoma 2,500. Ukishuka gia ya 3 inakuwa kama 3,570, kawaida tu. Gia ya 2 inakuwa kama 5,540, kelele nyingi lakini injini ambayo mstari wake mwekundu uko 6,400 bado iko salama. Gia ya 1 inakuwa 10,168. Hiyo ndo ile ya jirani yangu, tena mbaya zaidi.

Sasa panda mpaka 120 kwa gari hiyohiyo. Gia ya 3 inakuwa kama 4,290, haina shida, lakini gia ya 2 inafika 6,650 na hapo tayari umevuka mstari. Kwahiyo giaboksi yenye akili kwa 120 itakupa 3 na itakataa 2, ukishuka hadi 60 itakubali 2 vizuri kabisa maana ni kama 3,330 tu, na L itaendelea kukataa maana kwa 60 bado ni 6,100 na waliotengeneza huwa wanaacha nafasi chini ya mstari, hawaendi mpaka ukingoni. Kwa 40, gia ya 1 ni kama 4,070, hapo inaingia. (Hesabu hii haijaweka kuteleza kwa toki konveta, kile kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi, kwenye gari halisi namba zinapungua kidogo, lakini picha ni hiyo.)

Kwenye magari ya zamani yasiyo na kompyuta ya giaboksi, hesabu hii ilikuwa inafanywa na oili, na mi hii ndo sehemu inayonifurahisha kuliko zote. Kuna kidude kinaitwa gavana kinazunguka pamoja na shafti ya kutoka kwenye giaboksi, kadiri gari inavyokimbia ndivyo gavana inavyotoa presha kubwa ya oili. Presha hiyo inasukuma vali ya kubadilishia gia kutoka upande mmoja ili gia ipande. Upande wa pili kuna springi na presha inayotokana na unavyokanyaga mafuta, hizo zinasukuma gia ishuke. Ni kama watu wawili wanasukumana mlango mmoja. Ukivuta mkono kwenye L, unaongeza oili nyingine upande wa kushusha, lakini kama gari inakimbia sana gavana bado ana nguvu kuliko wote, mlango haufunguki, mpaka spidi ishuke na gavana achoke ndo gia inaingia. Hakuna waya hata mmoja. Hydra-Matic ya General Motors iliyokuja na Oldsmobile za mwaka 1940 ilikuwa tayari inatumia gavana kubadili gia, kwahiyo wazo lenyewe ni la kale.

Magari ya sasa gavana ametolewa, mahali pake kuna sensa inayosoma mizunguko ya shafti. Kompyuta inasoma hiyo sensa, inasoma umekanyaga mafuta kiasi gani, inasoma swichi inayosema mkono wa gia uko wapi, afu inatuma umeme kwenye solenoidi ndani ya giaboksi ambazo ndo zinafungua na kufunga njia za oili. Ukivuta 2 wakati uko 130, kompyuta inaona ombi lako, inapiga ile hesabu, inakupa 3 kwanza na inasubiri. 

Hapa kuna tofauti watu wanachanganya. Kwenye gari za mkono wa 3, 2 na L, ombi lako linakaa palepale, spidi ikishuka gia inaingia yenyewe. Kwenye gari zenye alama ya kujumlisha na kutoa, ukivuta kutoa na ikakataa, ombi limekufa, inabidi uvute tena spidi ikishapungua. Toyota nyingi zenye nafasi ya S au M kwenye mkono wa gia zikikataa zinalia mlio mara mbili, nyingine namba inawaka na kuzima kwenye dashibodi. Huo mlio sio ubovu, ni gari inakwambia sio sasa. Na kwenye Toyota nyingi namba unayoiona kwenye S sio gia uliyopo, ni gia ya juu kabisa unayoruhusu, S4 maana yake itumie 1 mpaka 4 isizidi. Nimeona watu wanapeleka gari kwa fundi kwa sababu "nimeweka S4 ila haiko gia ya 4". Iko sawa kabisa.

Hesabu hiyohiyo inatumika ukikanyaga mafuta mpaka chini ili upite gari. Kwa 80 itashusha gia na utasikia nguvu. Kwa 130 huenda isishushe, au ishushe moja tu, sio kwamba giaboksi imechoka.

CVT, ile giaboksi ya mkanda na puli, haina gia za kushusha lakini ulinzi ni uleule, kompyuta inachagua uwiano na haitakubali ule utakaopeleka injini juu ya kikomo, na pia inalinda mkanda usiteleze kwenye puli. Haibridi kama Prius na Aqua zina B badala ya L, pale kompyuta inazungusha injini iwe breki kwa kiasi inachoona kinafaa, wewe unaweka tu B.

Ulinzi huu pia sio wa injini peke yake. Gari inayosukumwa na matairi ya nyuma, Mark II, Mark X, Crown, ukishusha gia nyingi ghafla kwenye lami yenye maji matairi ya nyuma yanaweza kupoteza mshiko na mkia ukaanza kwenda mbele. Kwahiyo hata pale giaboksi inapokubali, wewe usivute ukiwa katikati ya kona wakati wa mvua. Fanya kabla ya kona, usukani ukiwa umenyooka.

Haya, namna ya kufanya kwenye mteremko. Nitatumia Kitonga maana ndo naijua, ila kwa wenzetu wa Kenya mnaoshuka kwenda Mai Mahiu mambo ni yaleyale.

Anza kabla mteremko haujaanza. Hili ndo watu wengi wanakosea, wanasubiri mpaka gari imeshapata kasi ndo wanakumbuka gia, na hapo ndo ulinzi unawakatalia na wanabaki na breki tu. Ukitoka Ilula, kabla ya kuanza kushuka, punguza spidi kwa breki ya mguu mpaka kama 60. Gari yenye kitufe cha ovadraivu pembeni ya mkono wa gia, kibonyeze taa ya O/D OFF iwake, hapo umefuta gia ya 4. Subiri sekunde mbili tatu, isikilize injini. Afu vuta 2. Mguu wa mafuta uwe juu kabisa. Utasikia mngurumo unapanda na gari inashikwa, saa ya RPM itaenda 3,000 au 3,500, usiogope, injini yako kila siku inafika huko ukiwa unapita lori na hujawahi kuogopa.

L ni ya pale penye mteremko mkali na msongamano, gari zinatambaa, uko 30 au chini yake. Sio ya kushukia kwa 60.

Ikikataa usivute na kurudisha mara kumi. Kanyaga breki, punguza 10 au 15, itaingia. Kwa gari za kujumlisha na kutoa ndo unavuta tena.

Na usidhani ukishaweka 2 kazi imeisha. Ulinzi unazuia gia isiingie ukiwa na spidi kubwa, hauzuii mteremko kukuongezea spidi ukiwa tayari ndani ya gia. Uko kwenye 2 kwa 60, mteremko unavuta, unafika 80, 90, RPM inapanda inapita 5,000. Giaboksi nyingine hapo zitapandisha gia zenyewe kuokoa injini na ghafla unahisi gari imeachiwa, nyingine zitang'ang'ania na injini itaenda kwenye mstari. Vyote viwili hutaki. Kwahiyo angalia saa, ikikaribia 4,500 kanyaga breki ya mguu kwa nguvu ya kutosha, shusha spidi kama 15, afu achia kabisa breki zipumue. Kanyaga, achia. Usiweke mguu juu ya breki muda wote kwa kugusagusa, hiyo ndo ilinipikia breki zangu. Oili ya breki ya DOT 3 ikiwa mpya inachemka nyuzi joto 205, ikishanyonya unyevu kwa muda inaweza kuchemka kuanzia 140, na ikichemka kuna mapovu kwenye mabomba, pedeli inazama na breki hazishiki. Wengi wetu tunanunua gari na hatubadilishi hiyo oili mpaka inauzwa tena.

Nyutro kwenye mteremko usithubutu, eti unabana mafuta. Injini ya kisasa ukiachia pedeli ukiwa ndani ya gia inakata petroli kabisa, kwenye nyutro ndo inabidi ichome petroli ili isizime. Umepoteza breki ya injini na hujaokoa hata senti.

Kuna jambo moja nataka ulichukulie kwa uzito kweli. Ulinzi wa gari za sasa uko kwenye umeme. Umeme ukifa, ulinzi unaweza kufa nao. Giaboksi za familia ya A340 za Toyota, zilizoenea kwenye Hilux Surf na nyingine nyingi, ukichomoa waya wa solenoidi mkono wa gia unabaki unafanya kazi kwa oili peke yake: D inakupa gia ya 4, 2 inakupa gia ya 3, na L inakupa gia ya 1 moja kwa moja. Mafundi wanatumia hiyo kama kipimo cha kujua kama tatizo ni umeme au ni giaboksi yenyewe. Ila fikiria mtu yuko barabarani kwa 90, solenoidi zimekatika, anavuta L akitegemea kompyuta itamkatalia. Kompyuta haina mkono tena mle ndani.

Kwahiyo taa ya O/D OFF ikiwa inawaka na kuzima yenyewe bila wewe kubonyeza, au taa ya injini imewaka na gari imekwama gia moja, usichezee 2 na L kwa spidi. Tembea taratibu mpaka kwa fundi mwenye mashine, apime. Namba za hitilafu za kuangalia kwenye mashine ni kama P0500 ya sensa ya spidi, P0720 ya sensa ya shafti ya kutoka, P0705 ya swichi ya mkono wa gia. Hiyo swichi ya mwisho watu wanaidharau, ila ikisoma vibaya kompyuta inadhani uko D kumbe uko 2. Matairi makubwa kuliko ya kiwandani nimeulizwa sana, kwa huu ulinzi hayana shida maana sensa ya shafti inasoma shafti, sio tairi; yatakudanganya spidi kwenye dashibodi tu.

Na tafadhali usijaribu ulinzi kwa kuvuta L ukiwa 120 ili uone kama kweli unakataa. Jaribu hivi: barabara tupu, tambarare, 50 kwenye D, achia mafuta, vuta 2. Ikishika vizuri bila mshtuko mkubwa, bila kuteleza na RPM kurukaruka, uko tayari kwa mlima. Ikipiga teke au ikasita sana, angalia oili ya giaboksi kwanza, kiwango na rangi. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, safari iahirishe.

R na P zina habari yake. Giaboksi nyingi za kompyuta zinazuia rivasi isishike ukiwa unaenda mbele kwa kasi, lakini P kwenye gari nyingi za mkono wa kawaida ni jino la chuma linaloangukia kwenye gia, gari ikitembea linarukaruka na kulia trrrr mpaka livunjike. Simama kabisa kabla ya kugusa zote mbili.

Ukimaliza kushuka rudisha D, washa ovadraivu tena maana ukiisahau utachoma mafuta mpaka Mikumi. Mi huwa nasimama Ruaha Mbuyuni dakika kumi hivi, nanunua vitunguu, napita pembeni ya kila tairi nanusa na kusogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Ukikuta moja ina joto kuliko mwenzake, breki yake inabana, ishughulikie kabla ya kuendelea. Na akija kijana na ndoo anataka kukupozea rimu kwa maji mshukuru na umkatalie, disiki ya moto ikimwagiwa maji baridi inaweza kupinda au kupasuka, iache ipoe kwa upepo.